Kioo cha Ofisi na Mkono wa Mtumishi

Mgeni anayefika Biharamulo kwa mara ya kwanza aghalabu huonyeshwa boma la Wajerumani, jengo la kuta nene la mwanzoni mwa karne ya 20, wakati nchi hii ilipokuwa ikitawaliwa kwa bunduki na kwa daftari. Habari za bunduki husimuliwa sana. Habari za daftari husimuliwa kidogo, ingawa daftari ndilo lililodumu. Wajerumani waliondoka, Waingereza wakaja na kuondoka, Uhuru ukapatikana mwaka 1961, na katika mageuzi yote hayo karani alibaki mezani pake akijaza safu za jina, kijiji, kodi na sahihi. Safu hizo hakuzipanga yeye. Zilipangwa mbali, na mtu aliyetaka kujua jambo fulani, na karani alizijua siku ile daftari lilipotolewa katika kifurushi chake na kuwekwa mbele yake.

Kompyuta zilipofika katika ofisi za wilaya, karatasi iligeuka kioo, lakini mpango huo wa kale haukugeuka. Ipo sanaa changa ambayo bado haijapata jina lililotulia katika Kiswahili. Kazi yake ni kuangalia jinsi chombo kinavyokutana na jicho, mkono na akili ya mtu anayekitumia, na kukichonga mpaka mtu huyo akitumie bila kuumia. Sanaa hii imestawi sana katika vitu vya sokoni. Huduma ya kutuma fedha kwa simu, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, ilimfikia mwanakijiji ambaye hajapata kukanyaga benki, naye akaiweza kwa kuelekezwa mara moja na kijana wa duka. Aliyeitengeneza huduma ile alijua kwamba mteja akishindwa ataiacha, na mteja akiiacha hapana faida. Lakini chombo cha ofisi kina hali nyingine. Anayekiagiza ni mmoja na anayekitumia ni mwingine. Na huyu anayekitumia hana duka la pili la kukimbilia. Akishindwa, huandikiwa barua ya kujieleza.

Katika halmashauri za wilaya za Ngara na Biharamulo, kama katika halmashauri nyingine za Tanzania, vyombo vya namna hii vimekuwa vingi. Upo mfumo wa mipango na bajeti uitwao PlanRep, uliofanywa upya mwaka 2017. Upo FFARS, wa mwaka huohuo, ambao shule, zahanati na vituo vya afya huutumia kutolea hesabu za fedha zao. Upo MUSE wa malipo ya serikali. Upo NeST wa manunuzi, ulioanza mwaka 2023. Upo PEPMIS wa kupimia utendaji wa mtumishi, ulioingia mwaka huo ukachukua nafasi ya fomu za OPRAS. Katika afya upo GoTHOMIS wa kuendeshea shughuli za kituo, na upo DHIS2 unaokusanya takwimu za nchi nzima. Kila mmoja una mlango wake na neno lake la siri. Ofisini Dodoma kila mfumo una idara yake na wataalamu wake. Kijijini yote hukutana juu ya meza moja, na pengine juu ya mtu mmoja.

Na afikiriwe mtu huyo mmoja. Ni muuguzi wa zahanati ya kijiji katika wilaya ya Biharamulo, mbali na barabara kuu iendayo Lusahunga na Rusumo. Jina lake si la lazima, maana wa mfano wake ni wengi. Kituo kina watumishi wachache. Siku mwenzake akienda likizo au akiitwa semina, yeye ndiye mpokeaji, mtabibu, mkunga, mgawa dawa, mtunza stoo na mhasibu. Umeme wake ni wa jua. Mtandao wake hupatikana dirishani kwa upande wa mashariki, na mvua ikinyesha haupatikani kabisa.

Muuguzi huyu alisomea kazi yake kwa vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Si vitabu vyepesi. Ni vikubwa kuliko meza na huchakaa upesi. Lakini aliyekipanga kitabu cha wagonjwa wa nje alipata kukaa zahanati, au alimsikiliza aliyekaa. Mstari mmoja ni mgonjwa mmoja. Mgonjwa aliyekuja kwa mara ya kwanza mwaka huu huwekewa kinyota, na jioni mtu huhesabu vinyota akajua jibu. Karatasi za kuhesabia chanjo zina safu za sifuri zilizochapwa tayari, na kila mtoto akichanjwa sifuri moja hukatwa kwa mkwaju wa kalamu. Mkono wa kushoto unaweza kumshika mtoto huku wa kulia ukikata sifuri. Jicho halina haja ya kukaa juu ya karatasi zaidi ya nukta moja. Huo nao ni usanifu, na ni usanifu bora, japo aliyeubuni hakutuzwa wala hajulikani.

Kisha kompyuta ikaletwa. Ililetwa kwa nia njema, na semina ya siku mbili mjini, na posho. Hapana haja ya kuitaja programu yenyewe, kwa kuwa maradhi yake ni ya jamaa nzima. Asubuhi ya kwanza aliingia bibi kizee mwenye kikohozi, amejifunga khanga mbili, akaketi.

"Bibi, ulizaliwa tarehe ngapi?"

"Tarehe siijui, mwanangu. Nilizaliwa kabla ya Uhuru. Mama aliniambia maharage yalikuwa yamekomaa."

Katika kitabu cha MTUHA muuguzi angeandika umri wa kukisia, miaka sabini na kitu, akaendelea. Kioo kilikataa. Kilitaka siku, mwezi na mwaka, na pasipo vitatu hivyo hakikufungua ukurasa wa pili. Maharage hakikuyajua. Muuguzi akafikiri kidogo, akaandika tarehe 1 Januari. Akaja mzee mwingine, naye akazaliwa tarehe 1 Januari. Mwisho wa mwezi nusu ya wazee wa kijiji walikuwa wamezaliwa siku moja, kana kwamba mwaka mpya uliwashusha wote kwa mkupuo. Jambo hili si la Biharamulo peke yake. Orodha za wakimbizi na wahamiaji katika nchi nyingi zimejaa watu wa tarehe hiyo. Si kwamba watu hao ni waongo. Mashine ilidai jambo wasilokuwa nalo, wakaipa kitu cha kuinyamazisha.

Ukurasa wa pili uliuliza maradhi. Majina ya maradhi yalikuwa kwa Kiingereza na yalipangwa kwa alfabeti. Mkoa wa Kagera ni miongoni mwa mikoa ambayo malaria imekaza kamba. Malaria, kikohozi na kuhara ndiyo mazungumzo ya kila siku ya zahanati. Kwenye kioo maradhi hayo yalikaa chini kabisa, yamefunikwa na maradhi mengi ambayo muuguzi aliyasoma chuoni na hajapata kuyaona kwa macho. Foleni ikiwa ndefu mkono huchoka kushuka. Siku moja ya gulio, wagonjwa wakiwa wamejaa mpaka chini ya mwembe, alichagua jina lililokuwa karibu na alilolitaka, akaendelea na kazi. Mwezi ule kulikuwa na ugonjwa wa ajabu katika kijiji, ugonjwa uliozaliwa na alfabeti.

Lakini lililomshinda kabisa ni lile lililowekwa kwa ajili ya usalama. Mashine ikikaa dakika chache bila kuguswa hujifunga, na yaliyoandikwa nusu hufutika. Mtu wa mjini huona kanuni hii kuwa ya busara: afisa akitoka kunywa chai, mpita njia asisome siri za watu. Muuguzi hatoki kunywa chai. Adhuhuri moja aliitwa chumba cha pili, mama mjamzito amefika kwa bodaboda, uchungu umekolea. Alikaa naye saa mbili. Mtoto alilia, kondo likatoka salama, mama akapewa uji. Muuguzi aliporudi mezani, wagonjwa sita aliokuwa amewajaza asubuhi bila kuwahifadhi walikuwa wametoweka, na kioo kilimwomba neno la siri kana kwamba hakijapata kumwona.

Tangu siku hiyo alinunua daftari la kaunta. Mchana aliandika humo kwa kalamu, kwa namna aliyoizoea, vinyota na yote. Usiku, baada ya kula, aliinakili siku nzima katika mashine akiwa dirishani kwa upande wa mashariki. Kazi moja ikawa kazi mbili. Na kama yuko mchambuzi Dodoma au Bukoba aliyetazama saa za kuingizwa kwa wagonjwa, aliona zahanati ya maajabu ambayo mchana hailazi wala haipokei, na ifikapo saa tatu usiku hutibu watu arobaini kwa saa moja.

Daftari hili la kaunta lastahili kutazamwa vizuri, kwa kuwa lipo karibu katika kila ofisi ya nchi hii yenye kompyuta. Wakubwa wakiliona hukasirika. Hulihesabu kuwa ushahidi wa ukaidi, au wa uzee, au wa kuogopa maendeleo. Kwa kweli ni mchoro wa chombo ambacho mtumishi angekitengeneza kama angeulizwa. Safu zake zimepangwa kwa utaratibu wa kazi yenyewe: anayeingia kwanza huandikwa kwanza, linalosahaulika upesi huandikwa mapema, na pembeni pana nafasi ya neno ambalo hakuna aliyelitarajia, kama vile "mume yuko Rwanda" au "arudi Ijumaa, hana nauli". Msanifu anayetaka kujua programu yake imekosea wapi angeokoa fedha nyingi kwa kuliomba daftari hilo na kulisoma taratibu.

Katika fedha hatari huzidi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo badala ya kukaa halmashauri, na ndipo FFARS ilipohitajika. Uamuzi ule ulikuwa mkubwa na wa haki. Zamani zahanati iliomba sabuni na ikangoja. Sasa kamati ya kituo hukaa chini, hupanga na hununua. Wahasibu wasaidizi waliajiriwa na kuwekwa kwenye vituo vya afya ili wazisaidie zahanati za jirani. Msaada huo hupunguza mzigo lakini hauondoi ukweli kwamba sahihi ni ya mfawidhi wa zahanati, na mfawidhi alisomea kuzalisha, hakusomea uhasibu. Akiweka malipo ya mafuta ya taa katika fungu la dawa, aghalabu hana ruhusa ya kujisahihisha mwenyewe. Lazima aombe makao makuu wamfungulie. Nauli ya bodaboda ni yake. Robo mwaka ikifungwa kabla hajafunguliwa, kosa lile huganda, na mkaguzi akija hulikuta limeganda na jina lake juu yake.

Msomaji asidhani kwamba hayo ni mambo madogo ya ofisi. Nchini Uingereza, kuanzia mwaka 1999, mawakala wa posta wa vijijini walipewa mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mawakala hao walikuwa watu wa kaunta ndogo: mwenye duka la mikate, mjane, mhamiaji kutoka India aliyeheshimiwa na kijiji kizima. Mfumo ulionyesha upungufu wa fedha ambao haukuwapo. Walipopiga simu kuuliza, wengi waliambiwa kwamba ni wao tu wenye shida hiyo. Walilipa kwa akiba zao, kisha wakashtakiwa. Mpaka mwaka 2015 zaidi ya watu 900 walikuwa wametiwa hatiani. Wako waliofungwa, wako waliofilisika, na wako waliojiua. Wakala mmoja, Alan Bates, alikataa kukubali, akakusanya wenzake. Desemba 2019 Mahakama Kuu ya Uingereza ilitamka kwamba mfumo ulikuwa na kasoro, na Mei 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu zile. Miaka 25 ilipita kati ya kioo cha kwanza na sheria hiyo. Programu mbovu si jambo jipya duniani. Balaa ilitoka kwenye kanuni ya kuamini kwamba kioo na mtu wakipingana, mwongo ni mtu. Na mtu aliyekuwa peke yake kwenye kaunta hakuwa na namna ya kuona ndani ya chombo alichoshtakiwa nacho.

Ngara nayo ina kumbukumbu yake ya orodha na nguvu zake, nayo ni nzito zaidi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, kwa muda wa kama saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia wilayani. Kambi ya Benaco, iliyopata jina lake kwa kampuni ya ujenzi wa barabara, iligeuka mji katika siku chache. Watu hao walipaswa kula, na ili wale walipaswa kuandikwa. Mwanzoni chakula kilipita katika mikono ya viongozi wa komuni walizotoka, kwa sababu orodha walikuwa nazo wao na utaratibu uliacha nafasi kwa jina la kiongozi. Miongoni mwa viongozi hao walikuwamo waliotoka kuongoza mauaji. Wakawa wagawaji wa mahindi. Hesabu za vichwa zikavimba. Na mama asiyekubaliana nao alikaa na njaa. Wafanyakazi wa misaada hawakuwa wajinga wala hawakuwa waovu. Walikuwa na mamia ya maelfu ya watu na karatasi iliyopangwa kwa haraka. Lakini nafasi moja tu katika fomu, ile ya kuuliza kiongozi wako ni nani, ilitosha kurudisha mamlaka kwa watu waliostahili kuyapoteza. Wanyarwanda wengi walirudishwa kwao Desemba 1996, na wazee wa Ngara walioishuhudia miaka ile hawahitaji kufundishwa na mtaalamu kwamba safu ya karatasi ni kitu chenye nguvu.

Nchi hii yenyewe iliwahi kuonja uchungu wa mashine isiyomfaa mtumishi wake. Kompyuta ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu za serikali zilihamishiwa humo, zikavurugika, na mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Wanaosimulia kisa hiki siku hizi hukicheka, kama kwamba ulikuwa uamuzi wa watu walioogopa taa ya umeme. Kicheko hicho ni cha haraka mno. Yaliyomo ndani ya uamuzi ule ni swali la haki: kwa nini taifa maskini lilipe fedha za kigeni kwa chombo ambacho mafundi wake ni wageni na kazi yake haionekani? Marufuku lilikuwa jibu baya la swali zuri. Baadaye marufuku liliondolewa, na swali likaondoka pamoja nalo.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba jibu bora la swali hilo lilikuwa likitafutwa miaka ileile ya 1970, katika nchi ya baridi. Huko Norway, mtaalamu Kristen Nygaard, ambaye mwaka 2001 alitunukiwa pamoja na Ole-Johan Dahl tuzo ya Turing kwa kubuni lugha ya kompyuta iitwayo Simula, aliacha kwa muda kuwatumikia mameneja akaenda kufanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma. Alitaka mfua chuma aijue mashine inayoletwa karakanani kabla haijaletwa, na awe na sauti katika kuitengeneza. Kutoka mwaka 1981, wapiga chapa wa Scandinavia walikaa na wataalamu katika mradi ulioitwa UTOPIA, wakatengeneza kompyuta za bandia kwa mbao na maboksi ili mfanyakazi aoneshe kwa mikono kazi yake inavyokwenda. Boksi la karatasi halina gharama, na mpiga chapa aliyeona haya kuisema kompyuta ya kweli hakuona haya kulisema boksi.

Mila ile ya Chuo Kikuu cha Oslo haikuishia Norway. Baada ya mwaka 1994 baadhi ya watu wake walikwenda Afrika Kusini iliyokuwa imetoka katika ubaguzi, wakatengeneza pamoja na wafanyakazi wa afya wa huko mfumo mdogo wa takwimu za wilaya. Mfumo huo ulikua ukawa DHIS2. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika kuuleta na kuufanyia marekebisho hapa, na kufikia mwisho wa mwaka 2013 ulikuwa umesambazwa katika wilaya zote za Tanzania bara, Ngara na Biharamulo zikiwemo. Kwa hiyo, mtaalamu wa takwimu wa wilaya anapofungua mfumo huo asubuhi, anafungua mjukuu wa wazo lililozaliwa kwa ajili ya wafua chuma. Bahati mbaya ni kwamba aghalabu wazo husafiri kidogo kuliko chombo. Chombo kimefika wilayani. Boksi la karatasi halijafika zahanati.

Ni haki kusema pia mema yaliyofika. Kabla ya DHIS2, taarifa za mwezi zilipanda karatasi kwa karatasi kutoka kijijini hadi Bukoba, zikajumlishwa njiani na watu wengi, na aghalabu zilifika wakati maradhi yenyewe yamekwisha kupita. Sasa mganga mkuu wa wilaya aweza kuona kabla ya mwezi kwisha zahanati gani haijaleta taarifa, na malaria imepanda wapi. Watu wa ofisi za chini wanaolalamika si wengi wanaotaka kurudi nyuma. Muuguzi aliyetajwa hakupata kuomba mashine iondolewe. Aliomba mambo matatu tu katika kikao kimoja cha wilaya: irudishwe nafasi ya umri wa kukisia, maradhi ya kila siku yawekwe juu, na kazi iliyoandikwa isifutike mtu akiitwa labani. Maombi yake yaliandikwa katika kumbukumbu za kikao. Aliyekuwa na uwezo wa kuyatimiza hakuwa kikaoni, na pengine hajui kwamba kikao kilikuwapo.

Walimu wa Ngara wana kisa cha aina hiyo hiyo, ila chao hubeba kicheko kidogo. PEPMIS humtaka mtumishi aingize malengo yake na kazi alizozifanya, na msimamizi wake azithibitishe. Katika kata za mpakani simu aghalabu hunasa mtandao wa Rwanda au wa Burundi, na mwalimu anayetaka mtandao wa nyumbani hupanda kilima. Huko juu, jioni, waweza kukuta walimu kadha wamekaa juu ya mawe, kila mmoja na simu yake, wakiandika kwamba wamefundisha, saa zilezile ambazo wangetumia kusahihisha madaftari. Fomu ya OPRAS nayo haikupendwa. Ilijazwa mara chache kwa mwaka na kuwekwa kabatini. Nia ya kuibadilisha ilikuwa njema. Lakini kilichopimwa kwa chombo kipya, kwa sehemu kubwa, ni uwezo wa kupanda kilima.

Tatizo hilo halitengenezwi kwa fedha nyingi, na pengine hapo ndipo ugumu wake ulipo, kwa kuwa jambo la fedha nyingi huwa na mfadhili, uzinduzi na kitambaa cha kukata. Kukaa siku tano katika zahanati bila kusema neno hakuna uzinduzi. Lakini hakuna njia nyingine inayofahamika. Mtaalamu angepanda basi mpaka Biharamulo, kisha bodaboda, angeweka kiti pembeni ambapo haonekani sana, na angehesabu: muuguzi ameshika kalamu mara ngapi, ameangalia kioo mara ngapi, amemwangalia mgonjwa mara ngapi, mara ngapi ameitwa, na alipoitwa mkono wake ulikuwa wapi. Siku ya kwanza wangemwita "bosi" na kumpa soda. Siku ya tatu wangemsahau, na hapo ndipo angeanza kuona. Angeona mathalan kwamba muuguzi huuliza jina la mtoto mwishoni, siyo mwanzoni, kwa sababu mtoto anayelia hutazamwa kwanza kifua. Programu huuliza jina kwanza. Hakuna kitabu cha Dodoma chenye jambo hilo.

Wako vijana nchini wanaoweza kazi hii. Vyuo vyetu hutoa kila mwaka waandishi wa programu, na Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, imeonyesha kwamba mifumo mikubwa yaweza kujengwa na Watanzania wenyewe. Lugha pia si kikwazo, maana vitabu vya MTUHA vilikwisha kuonyesha kwamba kazi nzito ya afya hubebeka kwa Kiswahili. Anayeandika programu Dar es Salaam huiandika akiwa na umeme, intaneti ya kutosha, kioo kikubwa na ukimya. Hujaribiwa na mwenzake aliyekaa kiti cha pili, ambaye naye ana hayo yote. Kisha husainiwa. Mtu pekee ambaye hakuwapo siku ya kuijaribu ni yule mwenye mtoto mikononi.

Usiku katika zahanati ile ya Biharamulo taa ya jua hufifia ifikapo saa nne. Muuguzi hukaa dirishani, daftari la kaunta limefunguliwa pajani, na hunakili. Siku moja afisa wa wilaya aliyelala kijijini alipita akamkuta.

"Dada, mbona hujalala?"

"Naleta mchana, mkubwa. Bado wamebaki kumi na moja."

Afisa alisimama akatazama. Aliona vinyota, akauliza ni vya nini, akaelezwa. Aliona neno "hana nauli" pembeni mwa ukurasa, akauliza mashine ina nafasi gani ya neno hilo. Muuguzi alisema haina. Afisa akavuta kiti cha wagonjwa, akaketi, akamwambia amsomee yeye majina, na yeye atayachapa.